Kilo Zilipanda, Moyo Ukashuka

Shangazi yangu anauza vitumbua Mbagala. Saa kumi usiku jiko limeshawaka, na ikifika saa tatu asubuhi beseni liko tupu, isipokuwa vile vilivyoungua au kupasuka, ambavyo hula mwenyewe kwa chai ya rangi. Anameza dawa za kufubaza virusi tangu 2006. Ameniruhusu niyaandike haya kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisimwandike kama mtu wa kuhurumiwa.

Masika ya mwaka juzi alianza kunyamaza. Nikimpigia na kumwamkia, "Shikamoo shangazi," ananiitikia "Marahaba," kisha kimya. Nikaenda. Nilikuta sufuria ya mboga imechacha jikoni, na yeye kalala saa saba mchana, kanga usoni.

"Shangazi, umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Na jana?"

"Mwanangu, chakula hakipiti. Niache nipumzike."

Kumbe siku tatu kabla alikuwa ametoka kliniki. Virusi havikuonekana kwenye damu, na uzito ulikuwa umeongezeka kilo mbili. Akapongezwa. Hakuna aliyemuuliza kama analala, kama bado anakwenda kwenye kikao cha vikoba, kama kuna kitu kinachomfurahisha. Zile kilo mbili zilitokana na vitumbua vilivyopasuka, sukari vijiko vinne kwa kila kikombe, na chipsi za jioni alizokuwa akinunua kwa sababu hakuwa na nguvu ya kupika. Mizani ilipima unono. Sonona haikai kwenye mizani.

Naandika kwa ajili ya anayeishi na VVU na kwa ajili ya yule anayempikia. Neno langu kubwa ni moja: panga chakula chako ukiifikiria siku mbaya, ile siku ambayo huna hamu, huna nguvu, na huoni maana ya kuwasha jiko. Siku nzuri hazihitaji mpango mkubwa.

Kwanza nieleze kwa nini macho yetu yameganda kwenye unono. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita ugonjwa ule Juliana, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ukaitwa Slim, yaani kukonda. Kizazi kizima kilijifunza kusoma mashavu ya jirani. Aliyepungua alisemwa, na aliyenenepa alisalimika. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaokula ili kufunga midomo ya watu: mafuta mengi, soda, chipsi mayai kila jioni, mradi nguo zibane. Siwalaumu hata kidogo. Hofu ile ilikuwa na sababu zake.

Ila dawa zimebadilika. Kidonge kinachotumiwa na wengi sasa kina dolutegravir, na mojawapo ya mambo yanayoonekana kwa baadhi ya watumiaji ni kuongezeka uzito. Leo mtu wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC) yuko karibu zaidi na presha na kisukari kuliko na ule ukondefu wa zamani. Mwili mnene unaweza kubeba damu pungufu, vitamini pungufu na moyo mzito, vyote kwa wakati mmoja, na kila anayekuona atakwambia umependeza.

Sasa kichwa na tumbo vinakutana wapi? VVU hushambulia mapema sana chembe za kinga ziitwazo CD4 zilizo kwenye ukuta wa utumbo, na huko ndiko sehemu kubwa ya kinga ya mwili inakokaa. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya na kuingia kwenye damu, na mwili unabaki kama nyumba yenye king'ora kinacholia bila kukoma: uvimbe mdogo wa chini kwa chini ambao dawa huupunguza sana lakini mara nyingi haziumalizi. Uvimbe huo huigusa akili kwa njia ya moja kwa moja. Katika maharage, mayai, samaki na karanga kuna kiini cha protini kiitwacho triptofani, ambacho ubongo hukitumia kutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia hisia na usingizi. Mwili wenye uvimbe huigeuza sehemu ya triptofani kuelekea kwenye kazi nyingine, na ubongo unabakiwa na kidogo. Mtu aliye katika hali hiyo akiishi kwa chai na andazi, anaukata ubongo pande mbili: kiasi kinachoingia ni kidogo, na hata hicho kidogo kinaporwa njiani.

Halafu kuna mzunguko ambao kila aliyewahi kuwa na sonona anaujua. Moyo ukishuka, hamu inakwenda. Hamu ikienda, damu na nguvu vinapungua. Nguvu zikipungua unaahirisha kupika, kisha unaahirisha kwenda kliniki, kisha siku moja unaahirisha kidonge. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Msomaji ataniuliza: si ninunue tu vidonge vya vitamini? Jibu zuri limepatikana hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2004, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Harvard, wakiongozwa na Wafaie Fawzi, walichapisha matokeo ya wajawazito 1,078 wenye VVU, enzi ambazo dawa za kufubaza zilikuwa hazijawafikia watu wengi. Waliopewa vitamini za kundi B, pamoja na C na E, ugonjwa wao ulikwenda polepole zaidi. Wachambuzi walipowaangalia wanawake wale wale kwa upande wa hisia, wakaona waliopata vitamini hizo walikuwa na dalili chache za sonona. Vitamini A peke yake haikuleta nafuu ile, na iliambatana na watoto wengi zaidi kuambukizwa. Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine wa jiji hilo hilo, safari hii kwa watu zaidi ya 3,400 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza, ukilinganisha dozi kubwa za vitamini na dozi za kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati: dozi kubwa haikuongeza faida, na vipimo vya ini vilianza kupanda kwa baadhi yao.

Mimi naisoma hivi. Upungufu wa vitamini unaumiza mwili na hisia, na kuuziba kunasaidia. Kujaza kupita kiasi hakusaidii, na kunaweza kudhuru. Kwa hiyo yule kijana anayepita mtaani na makopo ya virutubisho ya laki moja na nusu, akidai yanapandisha CD4 na kuondoa mawazo, mwambie asante, uende sokoni. Akikuuzia mizizi na kukushauri upumzishe dawa za hospitali, usimwambie asante. Mfungie mlango.

Kuna ushahidi mwingine, ingawa si wa watu wenye VVU. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake nchini Australia waliwachukua watu 67 wenye sonona na lishe duni. Nusu walisaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadili chakula kwa wiki 12: mboga, matunda, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, karanga. Nusu nyingine walipata mtu wa kuzungumza naye kwa muda kama huo huo. Karibu theluthi moja ya kundi la chakula walitoka kwenye sonona, na katika kundi la mazungumzo asilimia 8. Utafiti ni mdogo, wala sitajenga ghorofa juu yake. Lakini kitazame kile chakula: samaki wadogo, maharage, majani, nafaka nzima, karanga. Bibi zetu wa Ukerewe na Kigoma wangekitambua bila kuelezwa.

Basi twende jikoni. Mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili anahitaji nguvu ya chakula takriban asilimia 10 zaidi ya mwenzake. Hiyo ni kama bakuli moja la uji wa ulezi wenye karanga juu ya milo yake ya kawaida, basi. Akiwa anaumwa inapanda hadi asilimia 20 au 30, na hapo ndipo hamu huwa imekimbia.

Anza na dagaa. Sijui kitoweo kinachotoa mengi kwa bei ile: protini, chokaa ya mifupa, madini ya chuma, na mafuta ya samaki ambayo ubongo unayapenda. Wa Mwanza, wa Kigoma, wa Zanzibar, au omena kwa wasomaji wetu wa Kenya, wote wanafaa. Wakaange wakauke, uwahifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Yai moja kwa siku ukiweza. Maharage, choroko, mbaazi, njugu mawe: chemsha mengi siku unayojisikia vizuri. Ugali wa dona badala ya sembe, kwa sababu kwenye kukoboa ndiko vitamini za kundi B zinakobaki kwa mwenye mashine. Anayepewa vidonge vya kuzuia kifua kikuu, isoniazidi, amshikilie mtoa huduma wake kuhusu vitamini B6, kwa kuwa dawa hiyo huimaliza, na dalili mojawapo ni miguu kuwaka moto na kufa ganzi. Usiku wa miguu inayowaka ni usiku wa mawazo.

Mboga za majani unazo: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu. Zipike kwa muda mfupi, isipokuwa kisamvu, ambacho hutwangwa na kuchemshwa hadi kiive vizuri; tia mafuta kidogo, kisha kamulia ndimu au limau wakati wa kula. Ndimu ile inafanya kazi kubwa kuliko ladha, maana vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye majani na maharage. Pera na ubuyu vinatosha kazi hiyo hiyo. Na hapa niseme jambo litakalowakera wengi, nami nikiwa mmojawao: chai ya rangi inayoshushia mlo huyazuia madini hayo hayo. Sisemi uiache, maana sisi bila chai hatuamki. Isogeze tu. Kula kwanza, chai ije baada ya saa moja. Kwa mwanamke anayepata hedhi nzito, aliyechoka kila siku na kudhani ni mawazo tu, kusogeza chai na kupima wingi wa damu kunaweza kumpa jibu ambalo maombi na ushauri havikumpa.

Karanga ni nzuri sana, zikiwa salama. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini linalosindika dawa kila siku halihitaji mzigo huo. Chambua, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu au zenye uchungu mdomoni. Unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili ndani yake siuamini sana, kwa sababu ukishasagwa hujui kilichokuwemo. Ulezi peke yake, ukatia karanga ulizozipondaponda mwenyewe na mtindi pembeni, unatosha.

Sasa ile siku mbaya. Shangazi na mimi tulitengeneza kitu tunachokiita kopo, ingawa kwa kweli ni ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndani yake mna dagaa wakavu waliokwisha kukaangwa, karanga, unga wa ulezi na tende kidogo zikipatikana. Kando yake kuna chupa ya chai ya lita moja. Kila jioni anapojisikia vizuri anapika uji na kuumimina humo, ili kesho asubuhi, hata akishindwa kuinuka, uji wa moto uko mkononi. Kanuni ya kopo ni kwamba hakuna kupika, hakuna kukata, hakuna kuosha sufuria. Mtu mwenye sonona hashindwi kutafuna. Anashindwa zile hatua ishirini zinazotangulia kutafuna. Tuliziondoa kumi na tisa. Na kama kijiko kimoja ndicho kinachopita, kijiko kimoja kinatosha, kisha baada ya saa moja kingine. Sahani iliyojaa humtisha mtu asiye na hamu.

Kidonge nacho kimewekwa juu ya mfuniko wa kopo. Wengi huacha dawa siku wasiyokula, wakiamini itakata tumbo. Kidonge cha dolutegravir kinamezwa ukiwa umekula au hujala. Usikiruke kwa sababu ya njaa. Kikikunyima usingizi, zungumza na mtoa huduma kuhusu kukimeza asubuhi badala ya usiku. Kwa wengi hilo peke yake hubadilisha wiki. Na kama unapewa vidonge vya madini ya chuma au kalisi, au unatafuna dawa za kiungulia, sema kliniki, kwa sababu vinaweza kuizuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Vya kiungulia hutenganishwa nayo: dolutegravir kwanza, navyo baada ya saa mbili, au vikitangulia ungoje saa sita. Vya chuma na kalisi vinaweza kumezwa pamoja nayo ukiwa unakula.

Nimeacha mwisho lililonigusa zaidi. Katika nyumba nyingi mwenye VVU ana sahani yake, kikombe chake, wakati mwingine na mkeka wake. Hakuna anayesema chochote. Vyombo tu vinatengwa, na watoto wanaelewa. VVU haviambukizwi kwa mate ya kijiko, kwa sinia wala kwa kikombe. Tunalijua hilo tangu miaka ya themanini. Na bado, shangazi aliniambia kwamba aliacha kula vizuri siku alipoona wifi yake anakisuuza kikombe chake kwa maji ya moto kabla ya kukirudisha kabatini. "Tangu hapo kila tonge lilikuwa kama la kuazima," alisema. Unaweza kumletea mtu samaki wa maji chumvi na mboga za kila rangi. Ukimtengea pembeni, hatakula, na akila, chakula hicho hakitamjenga moyo. Kama unaishi na ndugu anayetumia dawa, leo usiku weka sinia moja. Nawa, kaa naye chini, chovya mlemle anamochovya. Usitoe hotuba.

Aliye peke yake, atafute wenzake wa kula nao. Vikundi vya watu wanaoishi na VVU (WAVIU) na konga za wilaya, yaani mitandao yao, vipo sehemu nyingi, na vingine hupika pamoja siku ya kuchukua dawa. Pombe ya kupunguza mawazo hula hela ya mboga, huvuruga usingizi na kukusahaulisha kidonge. Najua ni rahisi kusema hivyo kuliko kuiacha, na anayehangaika nayo anastahili msaada, si masimango.

Na anayesoma haya akiwa hana hata hela ya dagaa? Kwake njaa yenyewe ndiyo sonona. Kusini magharibi mwa Uganda, Alexander Tsai na wenzake waliwafuatilia watu wenye VVU wa vijijini na kuona kwamba kwa wanawake, uhaba wa chakula uliambatana na kuzidi kwa dalili za sonona, na waliokuwa na watu wa kuwasaidia hawakuumia kiasi hicho. Magharibi mwa Kenya, mradi wa Shamba Maisha uliwapa wakulima wenye VVU mkopo, pampu ya kumwagilia na mafunzo. Njaa ilipungua, na dalili za sonona zikapungua pia. Nyenzo za kulima, siyo ushauri mtamu peke yake, ndizo zilizowainua. Kwa hiyo usiaibike kusema kliniki kwamba nyumbani hakuna chakula. Omba upimwe mkono kwa ule mkanda wa lishe. Aliyeshuka sana ana haki ya kuulizia chakula dawa. Uliza serikali ya mtaa kuhusu mpango wa kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Matembele yanaota kwenye kiroba cha udongo mlangoni, hayadai mbolea ya dukani, na ukiyachuma, yanachipua tena.

Chakula hakitoshi kwa kila mtu. Wiki mbili mfululizo bila furaha, bila usingizi au kwa kulala mno, kulia bila sababu, kujiona mzigo: hizo ni dalili za ugonjwa unaotibika kwa ushauri na kwa dawa, na dawa hizo mwambie anayekuandikia kwamba unatumia dawa za kufubaza virusi. Yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwamshe mtu, nenda naye hospitali usiku huo huo.

Shangazi alikaa miezi minne akionana na mshauri. Kilichokuwa kigumu kwake, anasema, kilikuwa sentensi ya kwanza, kwa sababu foleni ni ndefu na muuguzi ameshaanza kuandika tarehe ya kurudi. Tuliifanyia mazoezi sebuleni. Unaweza kuichukua ilivyo: "Kabla hujaniandikia tarehe, dada, wiki mbili sasa chakula hakipiti na usiku silali."